Mwiba wa tasi ulinichoma na sikusikia kitu

BARUA YA MSOMAJI

Assalamu alaikum dada,

Natumai u mzima wewe na nyumba yako. Mimi ni mama wa miaka 56, naishi Tanga mjini. Kazi yangu ni samaki. Asubuhi nanunua kwa wavuvi, naparua, nakaanga, na jioni nauza barazani kwangu. Kazi hii ndiyo iliyosomesha watoto wangu wote, kwa hiyo usidhani ni kibiashara cha kupitisha siku.

Kisukari niliambiwa ninacho miaka kama kumi iliyopita. Natumia metformini na vidonge vingine vidogo. Mwaka jana daktari wa kliniki alitaka kunianzishia insulini nikakataa. Jirani yangu alianzishiwa, haukupita muda akafariki, na mtaani kwetu wanasema ukishafika kwenye sindano ujue ndiyo mwisho.

Shida yangu sasa ni mikono. Yalianza miguuni, nyayo zinawaka moto usiku mpaka nazitoa nje ya shuka. Siku moja nilitoka msibani nikafika nyumbani na ndala moja, nyingine imechomoka njiani na sikujua. Nikasema ni uzee. Baadaye ganzi ikaingia kwenye ncha za vidole vya mikono yote miwili. Kila ninachogusa ni kama nimevaa glovu. Nikivuta tasbihi sijui nimevuta punje moja au mbili mpaka niangalie. Mkono wa kulia ndio mbaya zaidi. Usiku wa manane naamshwa na ganzi na maumivu ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, naketi kitandani naukung'uta mkono mpaka uachie. Vikombe vinaniponyoka. Ramadhani iliyopita nilivunja birika mbele ya ndugu wa mume wangu waliokuja kufuturu, naye akasema nafanya kusudi ili nisiwahudumie watu wake. Niliumia sana.

Wifi yangu anasema nimetupiwa, na kuna fundi anamjua atanichanja chale kwenye vifundo vya mikono dawa ipenye. Mwanangu wa kiume kaninunulia mtandaoni dawa ya kusafisha mishipa ya fahamu, chupa shilingi 60,000. Nimeianza. Kwa kuogopa dawa zisigongane nimepunguza za hospitali, nameza asubuhi tu.

Naomba unijibu: hii ni sukari au ni jambo jingine? Mikono itarudi kama zamani? Niache kazi ya samaki?

Uniwie radhi kwa mwandiko, kalamu nayo inanisumbua. Nilitaka kusahau, juzi wakati naparua tasi alinichoma kidole cha kati cha mkono huo wa kulia. Nilijua nilipoona damu kwenye beseni. Hakiumi kabisa, ila kimevimba, ngozi inang'aa na ina moto, na uvimbe umeshuka kiganjani. Nimekifunga kwa asali na manjano. Kwa vile hakiumi sijahangaika nacho.

Mama Samaki, Tanga

JIBU

Wa alaikum salaam, dada yangu.

Umeniandikia mambo mengi, na lililo zito kuliko yote umeliweka mwisho, baada ya kuniomba radhi kwa mwandiko. Ndiyo maana sikungoja siku ya safu hii. Nilikupigia simu siku ileile nikakuomba samaki uwaache, uende hospitali na kadi yako ya kliniki mkononi. Alhamdulillahi ulikwenda. Wamekulaza, wamekipasua kidole na kutoa usaha, umepata antibiotiki za kwenye mshipa na sindano ya pepopunda, na kidole chako kipo. Umeniruhusu niichapishe barua yako, basi nakujibu mbele ya wenzako, maana najua wako wengi wenye kidonda kama hicho kimefungwa kitambaa cha asali na hawajamwambia mtu.

Nianze na huyo tasi. Watu wa pwani wanamjua. Miiba yake ina sumu, na akimchoma mvuvi mzima mwenye mikono iliyokomaa kwa kamba, utamwona kaketi chini kaushika mkono anaugulia. Wewe ulijua kwa kuona damu. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Mtu akiumia, uchungu ndio unaomfanya aache kazi, aoshe jeraha, alalamike, apelekwe kwa daktari. Wewe uchungu huo hukuupata, ukaendelea kuparua, ukakaanga, ukauza, vijidudu navyo vikaendelea na kazi yao. Katika miaka yangu ya kuhudumia kliniki ya kisukari, jeraha lililonipa hofu kuliko yote ni lile ambalo mwenyewe anasema "wala haliumi."

Tumezoea kuhubiri miguu. Kila mwenye kisukari amekwisha kuambiwa asitembee pekupeku. Mikono haizungumzwi, na sisi wa ukanda huu ndio tungepaswa kuizungumza kuliko wengine. Madaktari wana jina maalumu la maambukizi makali ya mkono kwa wenye kisukari wanaoishi nchi za joto, hasa maeneo ya pwani ya Afrika: wanauita mkono wa kisukari wa tropiki. Maelezo ya mwanzo yalitoka Nigeria mwaka 1984. Baadaye Dar es Salaam ilionekana kuwa na wagonjwa wengi wa namna hiyo, na taarifa kuhusu waliotibiwa pale kati ya 1998 na 2002 ikachapishwa kwenye jarida la kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Ukiisoma utadhani wanakusimulia wewe. Mwanzo wake ni kitu kidogo tu, mchubuko, kuumwa na mdudu, kijipu. Mgonjwa anatibia nyumbani. Anakuja hospitali amechelewa, sukari iko juu, mkono umevimba mpaka juu. Wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza mkono, na wapo waliopoteza maisha.

Kwa hiyo shika hili, wewe na kila mwenye kisukari anayesoma hapa. Jeraha la mkono likivimba, likiwa la moto, likitoa maji au usaha, likinuka, ngozi ikianza kuwa nyeusi, au ukipata homa, au sukari ikipanda ghafla bila sababu unayoijua, unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Usiulize linauma au haliumi. Pete ivue mapema kabla kidole hakijavimba, maana pete iliyobana huzuia damu. Na ukifika, mwambie daktari waziwazi kwamba umechomwa na samaki. Maji ya bahari yana vijidudu vyake ambavyo si kila antibiotiki ya kawaida inaviweza, na daktari asipojua jeraha lilitoka wapi anaweza kuchagua dawa isiyofaa. Asali na manjano viache jikoni.

Sasa nije kwenye maswali yako.

Umeuliza kama hii ni sukari au jambo jingine. Kwa jinsi ulivyoeleza, naona yote mawili, na ndiyo maana sitaki uridhike na mtu atakayekutazama usoni akuambie "ni sukari tu, zoea."

Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu kwa njia zaidi ya moja. Inaidhuru mishipa ya fahamu yenyewe, na inaziba vijimishipa vyembamba vya damu vinavyoilisha. Inayoanza kuumia ni ile mirefu kuliko yote, yaani inayotoka mgongoni chini ikashuka hadi vidole vya miguu, safari ya zaidi ya mita moja kwa mtu mzima. Ndiyo maana nyayo zako ziliwaka kwanza, na ndiyo maana ndala ilichomoka usijue. Hiyo ndala dada yangu haikuwa uzee. Ganzi ya miguuni hupanda taratibu, na kwa kawaida inapokaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza, mikono yote miwili kwa pamoja. Ulivyoeleza habari ya tasbihi inalingana kabisa na hilo. Ganzi iliyoanza miguuni kama soksi, ikafika mikononi kama glovu, ni dalili kwamba ugonjwa una muda.

Lakini huo mkono wa kulia una kisa chake. Ganzi ya sukari haichagui vidole vitatu. Kidole gumba, cha shahada na cha kati, tena na upande wa kidole cha pete ulio karibu na cha kati, vinahudumiwa na mshipa mmoja wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba sana kwenye kifundo cha mkono, chini ya utepe mgumu. Njia ile ikibana, mshipa unakandamizwa. Mwenye shida hiyo huamka usiku na kuukung'uta mkono, vilevile ulivyoandika, na daktari akisikia neno "naukung'uta" tu tayari anajua pa kuanzia. Kubanwa huku kunawapata watu wengi wasio na kisukari, hasa wanawake, lakini wenye kisukari huwapata zaidi, na kazi ya kukunja kifundo na kukaza vidole kutwa, kama kuparua magamba, inakuongezea.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu lina matibabu yake. Daktari anaweza kulitambua kwa mikono yake, kwa kukukunjisha vifundo kwa dakika moja aone kama ganzi inakuja, na kwa kugonga taratibu juu ya ule mshipa. Kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu kipo kwenye hospitali kubwa chache, na hakihitajiki kwa kila mtu. Mwanzo wa tiba ni banzi la kifundo cha mkono linalovaliwa usiku ili mkono ulale umenyooka. Wengi hupata usingizi kwa hilo peke yake. Ipo sindano ya steroidi ya kifundoni, inasaidia, ila mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Na upo upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe ili mshipa upumue. Kitazame kile kinofu chini ya kidole gumba cha kulia, ukilinganishe na cha kushoto. Kikiwa kimesinyaa, usingoje miezi. Nyama iliyokufa pale hairudi kwa urahisi.

Kama ganzi ingekuwa kidole cha mwisho na nusu ya cha pete, ningekuambia watazame kiwiko, kwa sababu mshipa wa vidole hivyo hupita pale na huumizwa na tabia ya kuegemea meza. Na yapo mengine ambayo daktari anapaswa kuyaondoa kabla ya kulaumu sukari kwa kila kitu: shingo, tezi ya shingo, pombe kwa anayekunywa, dawa za kifua kikuu na baadhi ya dawa za VVU, na ukoma, ambao bado upo kwetu na hupenda kujificha kama ganzi ya mkono yenye baka kwenye ngozi.

Liko moja linalokuhusu wewe hasa. Umetumia metformini miaka mingi, na metformini ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu wa B12 nao unaleta ganzi ya miguu na mikono inayofanana sana na ya kisukari. Usiache metformini kwa ajili hiyo. Omba B12 ipimwe kwenye damu, na ikiwa imepungua utapewa. Ninachokuomba ni usijinunulie mwenyewe zile sindano nyekundu za vitamini B dukani kila mwezi, kama wengi wanavyofanya wakisikia neno ganzi. B6 iliyomo ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu.

Umeuliza kama mikono itarudi. Nitakuambia ukweli kwa sababu umeshachoka na wanaokuuzia matumaini. Sehemu iliyobanwa kifundoni inaweza kurudi vizuri, hasa ikiwahiwa. B12 ikiwa ndiyo iliyopungua, ikirekebishwa mapema kuna nafuu. Ile ganzi ya sukari yenyewe hakuna dawa inayojulikana ya kuirudisha ilivyokuwa. Kinachowezekana ni kuizuia isiendelee, na hilo si dogo, maana leo bado unashika kisu, bado unafunga kifungo, bado unaandika barua. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993, kwa watu wenye kisukari aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa umakini kulipunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Kwa kisukari aina ya pili, ambacho ndicho wewe unaelekea kuwa nacho, faida ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo, na figo na macho nayo yanafaidika.

Maumivu ni jambo jingine, na yana dawa. Daktari anaweza kukupa amitriptilini, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Ukisoma kikaratasi cha amitriptilini utaona imeandikwa ni ya sonona, ukadhani wamekuona umechanganyikiwa. Hapana. Inatumika kwa maumivu ya mishipa ya fahamu kwa dozi ndogo na huchukua majuma kadhaa kuonyesha kazi. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, na mwenye matatizo ya moyo lazima aseme kabla. Dawa zote hizi zinatuliza kuwaka na kuchoma. Ganzi haziiondoi, kwa hiyo usirudi kliniki ukasema hazikufanya kazi kwa sababu vidole bado havihisi punje. Na diklofenaki unayopewa dukani kwa kila maumivu ikwepe. Haisaidii sana maumivu ya aina hii, na figo za mwenye kisukari haziihitaji hata kidogo.

Sasa hiyo chupa ya 60,000. Mwanao amefanya kwa mapenzi, mwambie nimemshukuru kwa kumjali mama yake. Lakini imekufanyia jambo moja tu ambalo nina hakika nalo: imekupunguzisha dozi za hospitali. Tangu siku uliyoanza kumeza asubuhi tu, sukari yako imekuwa ikipanda jioni na usiku, na kidole kikachomwa katikati ya hali hiyo. Dawa ya "kusafisha mishipa ya fahamu" haipo. Mishipa ya fahamu haina uchafu unaosafishwa. Pesa hiyo ikilipia kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile kinachosomwa kwa asilimia, utakuwa umenunua kitu. Kwa watu wengi lengo ni chini ya 7, na daktari akiona una hatari ya sukari kushuka sana anaweza kukuwekea lengo la juu kidogo.

Na insulini. Nimezika wagonjwa niliowapenda kwa sababu ya uvumi huu, kwa hiyo nivumilie nikiongea kwa ukali. Jirani yako, Mungu amrehemu, inawezekana kabisa alianzishiwa insulini akiwa amekwisha kuchelewa, kama wengi wetu tunavyochelewa. Watu wanaona sindano, kisha wanaona jeneza, wanaunganisha. Hawaoni ile miaka ya sukari ya juu iliyotangulia. Kongosho la mtu mwenye kisukari aina ya pili hupungukiwa nguvu mwaka hadi mwaka, vidonge vikafika mahali havitoshi, na insulini ndiyo inayojaza pengo. Hospitali wamekupa insulini wakati huu wa kidonda. Wakikuambia uendelee nayo nyumbani, endelea.

Hapo nikuandae kwa mambo mawili ambayo wengi hawaambiwi. Kwanza, sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa kwa kasi sana, baadhi ya watu huanza kuhisi maumivu makali zaidi miguuni na mikononi, na yanaweza kudumu miezi. Yakikupata usiseme insulini imekudhuru ukaiacha. Rudi kliniki wapange upya mwendo wa kuishusha na wakutulize maumivu. Pili, mwenye ganzi ya vidole anapata shida kuvuta dozi kwenye bomba la sindano, mistari ni midogo na vidole havihisi. Mwambie muuguzi akuone ukivuta mbele yake. Kama huwezi, mtu mmoja wa nyumbani afundishwe, au mwulize kama kalamu ya insulini inapatikana. Na ukipima sukari, choma pembeni ya ncha ya kidole, usichome katikati, badilisha vidole, na osha mikono kwa sabuni kwanza. Ukipima umetoka kumenya embe, kipimo kitakupa sukari ya embe.

Wifi yako nitamjibu kwa heshima, maana anakutakia mema. Akitaka kukusomea dua, akae akusomee, na mimi nasema amina. Chale hapana. Kuuchanja kwa wembe mkono usiohisi, wa mtu ambaye sukari yake iko juu, ni kufungua milango mingine kama ule alioufungua tasi. Vivyo hivyo kukanda kwa maji ya moto. Unadhani ni ya vuguvugu, kumbe ngozi inaiva. Nimeona malengelenge ya namna hiyo kwa mama aliyekuwa akikandwa na binti yake mwenyewe, kwa upendo kabisa. Na ikifika harusi, nakuomba sana kuhusu piko: hina ya kawaida sawa, lakini piko jeusi lenye dawa ya nywele linawababua watu, na wewe hutahisi likianza kukubabua.

Niache kazi ya samaki? Sitaki uiache. Kaa nayo, ila igawe upya. Kuparua mpe mtu mwingine, mjukuu au kijana wa kulipa, angalau mpaka kidole kipone kabisa na mkono wa kulia upate tiba. Baadaye ukirudi kwenye beseni, vaa glovu nene za mpira na ukate miiba ya mgongo wa tasi kwa mkasi kabla hujamgusa kwa kisu. Kwenye karai tumia kijiko cha kuopolea chenye mpini mrefu wa mbao. Vile vijiko vya bati vinapitisha moto mpaka mkononi, na wewe hutajua mpaka unuse. Sufuria usiliinue kwa upindo wa kanga. Kukaa kwenye mizani, kupokea pesa, kujua samaki yupi ameharibika kwa kumtazama jicho, hayo hayahitaji ncha za vidole, na ndiyo yaliyokuletea wateja.

Kila jioni baada ya kunawa, kaa penye mwanga uitazame mikono: ncha, katikati ya vidole, pembeni ya kucha, kiganja. Itazame kwa macho, usiipapase, kwa sababu vidole vinavyopapasa ndivyo vilivyokufa ganzi. Kama macho nayo yameanza ukungu, mjukuu atazame. Paka mafuta ngozi isipasuke, kucha zikate usizing'ate. Halafu fanya hivyohivyo kwa nyayo. Mara kwa mara weka viganja viwili pamoja, vidole vikiwa vimenyooka. Ikiwa haviwezi kugusana, viungo vyako vimeanza kukaza, jambo jingine linalowapata wenye kisukari, na mazoezi ya kuvinyoosha yakianza mapema yanasaidia.

Tahadhari moja ambayo haina mjadala. Mkono mmoja ukilegea au kufa ganzi ghafla, hasa uso ukienda upande au maneno yakikwama, usisubiri asubuhi na usidhani ni ganzi ileile. Huenda ni kiharusi, kimbilia hospitali.

Imebaki habari ya birika, na najua ndiyo iliyokuuma kuliko mwiba. Mume wako hakuona ganzi, kwa sababu ganzi haina jeraha la kuonyesha. Alichoona ni chombo kimevunjika mbele ya ndugu zake. Usimjibu kwa hasira na usinyamaze. Mwombe akusindikize siku ya kliniki, aingie nawe ndani. Mwombe muuguzi akupime mbele yake kwa ule uzi wa plastiki wa kupimia hisia, macho yako yakiwa yamefumbwa, uguswe kwenye nyayo na vidole useme lini umeguswa. Nimewaona wanaume wakikaa kimya kwenye kile kiti, uzi unajipinda juu ya ngozi ya mke na mke hasemi kitu. Wengi wao walitoka pale wakiwa wamebeba mkoba wa mkewe.

Siku hiyo nenda na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, vidonge vyako vyote pamoja na ile chupa, na daftari la vipimo. Mwambie daktari dozi ulizoruka, usione aibu, maana asipojua ataongeza dawa juu ya zile ambazo hukuzimeza. Sema wazi mambo matatu: vidole vitatu vya usiku, B12, na miguu. Viatu vivue hata kama hawajakuambia.